Pinioni ya kuchongwa Morogoro: maoni yangu baada ya misimu miwili ya kukamua alizeti

Naandika nimekaa juu ya gunia la mashudu hapa kwangu Singida, mashine inaunguruma nyuma yangu, na pinioni, yani ile gia ndogo iliyomo ndani ya giaboksi, imechongwa Morogoro na mafundi ambao hata bango hawana. Imemaliza kipande cha mwisho cha msimu wa 2024 na msimu wote wa 2025 bila kunisumbua. Nilijizuia kuandika mapema kwasababu spea mpya kila mtu anaisifia wiki ya kwanza, unakuja kujua ukweli magunia yakishapita ya kutosha.

Tuanze na tatizo. Mashine yangu ni zile za Kichina za skrubu moja, unamwaga mbegu juu, mafuta yanachuruzika chini, mashudu yanatoka kwa mbele. Julai 2024 msimu umechanganya, watu wa Ikungi na Mkalama wamenijazia magunia mpaka koridoni, saa nne asubuhi nikasikia mlio kama mtu anapiga karai kwa nyundo, ta ta ta, kijana akakimbilia swichi. Tulipofungua giaboksi oili ilikuwa inameta kwa vumbi la chuma, na ile gia ndogo inayopokea nguvu yote kutoka kwenye mota, yani pinioni, meno yake matatu yalikuwa yamelala chini. Meno matatu tu na biashara nzima imesimama, vijana wanne wamekaa kivulini hawana la kufanya na wateja wanauliza mafuta yao lini.

Nikampigia wakala Dar niliyenunua kwake mashine, simtaji maana lengo langu sio kumharibia mtu. Akasema laki nne na nusu, tanguliza nusu, mzigo wiki mbili. Nikatuma. Wiki mbili zikageuka "mzigo upo njiani", alafu ikawa mwezi, alafu ikawa meli zimekuwa shida na dola hazipatikani, mwisho simu ikawa inaita tu. Hela alinirudishia Oktoba, namshukuru kwa hilo, lakini Oktoba mi nilikuwa nishafunga msimu.

Na kwa haki kabisa sio kila alichosema kilikuwa uongo, nimekuja kufuatilia. Mzigo wa kutoka China kuja Dar haupiti Bahari ya Shamu, unakatiza Bahari ya Hindi, sasa mtu anaweza kuuliza mashambulizi ya Wahuthi wa Yemen kwa meli kule yanamhusu nini mkamuaji wa Singida. Yanamhusu hivi: tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za kwenda Ulaya ziliacha njia ya Suez zikawa zinazunguka huku kusini kwenye Rasi ya Tumaini Jema, meli ikizunguka inakaa baharini siku nyingi zaidi, makontena yanachelewa kurudi, meli zinaadimika, na nauli inapanda mpaka kwenye njia ambazo hazina vita yoyote. Katikati ya 2024 ndo nauli zilikuwa juu sana, na mimi pinioni yangu ikachagua kukatika wakati huohuo. Dola nazo ni kweli zilikuwa ngumu.

Sisi wa alizeti tulishapigwa kabla ya hapo. Ukraine na Urusi ndo wababe wa mafuta ya alizeti duniani, walipoanza kupigana Februari 2022 bei ya mafuta ya kula ikapaa kila mahali, serikali kuwapunguzia watu makali ikalegeza ushuru wa mafuta ya kutoka nje, na mwaka uliofuata mkulima wa hapa Singida akaleta gunia sokoni akakuta bei imelala kiasi kwamba wengine walirudi nalo nyumbani. Ushuru ukarudishwa baadae lakini kuna watu walishang'oa mguu kwenye alizeti wakaenda kwenye dengu. Kwahiyo mtu akiniambia mambo ya vita, viwanda vya silaha na sera za viwanda ni ya wakubwa huko, mi namwambia njoo ukae kwenye korido yangu uone yanavyofika.

Sasa Morogoro. Aliyenielekeza ni dereva wa lori la mahindi, akaniambia kuna mzee upande wa Kihonda anachonga gia yoyote ilimradi umletee iliyovunjika. Mwanzoni mwa Agosti nikapanda basi mpaka Dodoma, treni ya SGR ilikuwa ndo imeanza kufika Dodoma, nikachukua hiyo mpaka Morogoro na pinioni kwenye begi la shule la mwanangu, kilo kama saba. Pale stesheni kwenye mashine ya kukagulia mizigo wakanisimamisha, chuma kizito cha mviringo kina meno, nikafungua begi nikaeleza, yule dada wa ulinzi akaigusa akasema "pole kaka, baba yangu ana kinu cha kusaga, najua hiyo hali". Nikaendelea na safari.

Karakana ni banda la mabati, sakafu ya udongo uliokolea oili mpaka umekuwa kama lami. Ndani kuna mashine mbili za leith za kuchonga chuma kikizunguka, moja ya milingi ya kukatia meno, ya zamani sana, drili ya kusimama, vifaa vya weldingi na nje kuna tanuru la mkaa na feni. Mzee mwenyewe ana miaka 69, kaniomba nisiweke jina lake wala namba kwasababu kazi anayopata inamtosha kwa nguvu alizonazo, na nimeheshimu. Anaongozana na vijana watatu, mmoja wao binti aliyetoka VETA ambaye kwa maoni yangu ndo mkono mzuri kuliko wote pale baada ya mzee.

Nilimpa shikamoo nikamkabidhi ile pinioni na yale meno matatu nikiwa nimeyafunga kwenye kitambaa. Akafurahi kwamba nimeleta na vipande. Akahesabu meno kwa kidole, akiruka palipovunjika, 17. Akachukua vania akapima upana wa nje kwenye meno mazima, milimita 95. Hapo hapo bila karatasi akasema "mwanangu hii ni moduli 5", yani kipimo cha ukubwa wa meno ya gia. Nikamuuliza umejuaje, akanieleza kama mwalimu: idadi ya meno ongeza mbili unapata 19, 95 gawa kwa 19 ni 5 kamili, ikija namba kamili hivo ujue gia ni ya mfumo wa milimita na umepima vizuri, isipokuja kamili ujue kuna kitu umekosea au gia ni ya Muingereza ya zamani ya inchi. Nilisimama pale nikajiona nimepoteza miaka mitano namiliki mashine ambayo siijui.

Chuma alichotumia ni pini ya ekskaveta, zile zinazoshika bakuli la kuchimbia, amenunua kwa watu wa chuma chakavu. Pini ile imekomazwa juu, huwezi kuichonga hivihivi, kisu kitaisha. Kwahiyo jioni ile waliiweka kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu yote, wakaifukia kwenye pipa la majivu makavu ipoe taratibu usiku kucha. Asubuhi ilikuwa laini inachongeka. Wakaipitisha kwenye leith, binti ndo aliyefanya, sehemu za kukalia beringi alizipima kwa maikromita mara tatu tatu na aliniambia nisiegemee meza.

Kukata meno ndo sehemu niliyokaa bila hata kwenda kula. Kuna kifaa kinaitwa divaidingi hedi, ukizungusha mkono wake mara 40 kazi inazunguka mara moja. Sasa unataka meno 17, na 40 haigawanyiki kwa 17, kwahiyo kila ukimaliza jino moja unazungusha mkono mara mbili kamili, alafu unaongeza matundu sita kwenye sahani yenye duara la matundu 17. Mara mbili na matundu sita, mara mbili na matundu sita, mpaka unarudi ulipoanzia. Ukikosea tundu moja katikati, jino la mwisho linakuwa nene au jembamba na chuma chote ni cha kutupa. Mzee alikuwa anahesabu kwa sauti na kijana anarudia, na walikuwa hawaruhusu mtu kuongea. Kina cha jino milimita 11 na robo, walikwenda kwa mapito manne. Jino la 17 lilipokaa sawa na la kwanza, mzee alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mpaka akatikisa kichwa kwamba imekubali.

Baada ya hapo kukomaza. Wanapasha tena, na hawana kipimajoto cha tanuru, wanatumia sumaku iliyofungwa kwenye waya: chuma kikipata moto wa kutosha sumaku inaacha kushika, wanaongeza kidogo, alafu kinazamishwa kwenye pipa la oili chafu, moshi banda zima.

Gharama laki mbili na ishirini, chuma ndani yake, beringi nikanunua mwenyewe mjini. Siku tatu. Nikarudi Singida, tukafunga, mashine ikawaka.

Siku ya tisa pembe ya jino moja ikameguka.

Nataka niliweke hili wazi maana ndo sababu sijawapa nyota tano. Nilipiga simu nikiwa na hasira kwakweli, nikategemea nitasikia "umezidisha mzigo" au "mashine yako mbovu". Mzee akauliza swali moja tu, mmeguko unang'aa kama kioo au una mabaka ya kijivu. Unang'aa. Akasema "basi kosa ni langu, nimekipa ugumu sikukirudishia ulaini, niliona unaharakia basi". Maana chuma kikitoka kwenye oili kinakuwa kigumu lakini kinapasuka kama chupa, lazima ukipashe tena moto mdogo kwenye mchanga mpaka kibadilike rangi, yeye alikwenda juu juu. Wakachonga nyingine upya, siku nne, bure, safari hii kwenye mchanga wakasubiri mpaka chuma kikawa kahawia inayoelekea zambarau, nikalipia nauli ya kifurushi kwenye basi tu. Ndo hiyo inayozunguka mpaka leo. Lakini zile siku nne na zile tisa za wasiwasi ni hela yangu iliyopotea, na hakuna karatasi ya dhamana, ni neno la mtu. Kwangu neno lilitosha, kwa mwingine linaweza lisitoshe.

Mzee huyu alijifunza wapi, hili swali lilinikaa. Alianza kazi Mang'ula, kule Kilombero, mwaka 1976. Wachina walipojenga reli ya TAZARA walikuwa na karakana kubwa Mang'ula ya kutengeneza vipuri vya ujenzi, reli ilipoisha karakana ikabaki ikageuzwa kiwanda cha mashine cha serikali. Kijana wa miaka 20 akasimamishwa mbele ya mashine na fundi wa Kichina ambaye Kiswahili hajui, akafundishwa kwa kuoneshwa. Mpaka leo anataja majina ya baadhi ya visu kwa Kichina. Na sasa hivi kazi yake kubwa ni kutengeneza vipuri vya mashine za Kichina ambazo waagizaji wameziuza bila spea. Kiwanda kile kilikuja kuchoka kama vingine vingi vya enzi hizo, lakini mkono wake haukuchoka, ukahamia kwenye banda la mabati.

Kule Marekani wamepata tatizo hilihili la ujuzi kubaki mikononi mwa wazee, wao kwenye silaha. Kuna kombora linaitwa Stinger, lile la kubebwa begani la kutungulia ndege. Jeshi lao lilikuwa halijanunua jipya kwa miaka kama 18, kiwanda kikabaki kinapumulia oda ndogo za nje. Vita vya Ukraine vikaja, wakagawa makombora kwa maelfu, wakasema haya tengenezeni mengine, kampuni ya Raytheon ikakuta baadhi ya vipuri vya ndani havitengenezwi tena duniani, vifaa vya kupimia vikatolewa maghala vina utando wa buibui, na ikabidi wawaite wastaafu wao wenye umri wa miaka 70 na kitu warudi kuwaonesha vijana namna ya kuunganisha. Nchi yenye hela kuliko zote imemfuata babu nyumbani kumwomba arudi kazini. Mizinga vilevile, makombora yake ya milimita 155 walikuwa wanatengeneza kama 14,000 kwa mwezi kabla ya vita, wakajiwekea lengo la 100,000 na kuifikia imekuwa kazi ya miaka. Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora milioni moja ya mizinga mpaka Machi 2024, tarehe ikafika hawajatimiza. Hela walikuwa nazo. Walichokosa ni mashine zilizokuwa zinafanya kazi kila siku na watu waliokuwa wanazigusa kila siku, kwasababu wakati wa amani hakuna aliyekuwa anaagiza.

Wenye viwanda vya silaha Ulaya walikuwa wanasema wazi, hatuwezi kujenga laini mpya kwa ahadi ya mdomo, tupeni mkataba wa miaka. Nilivyosoma hiyo nikamkumbuka mzee wa Morogoro, maana aliniambia kitu hichohicho kwa maneno yake: "Mwanangu nyie mnakuja mkivunjikiwa. Mwezi wa pili hamna mtu hapa, vijana wangu wanakwenda kuendesha bodaboda, wa sita mnakuja wote mnalia."

Na mji wenyewe wa Morogoro una mengi ya kukufundisha kwenye hili. Kulikuwa na kiwanda cha viatu pale, kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uwezo wa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingi ziuzwe Ulaya, jengo lenyewe lilichukuliwa ramani za Ulaya halifai hata joto letu. Hakikuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa 1990. Mashine zilikuwepo, mkono haukuwepo, na soko halikuwepo. Mji huohuo lipo shirika la Mzinga la kutengeneza risasi, chini ya Wizara ya Ulinzi, hilo limedumu tangu miaka ya 70 mpaka leo, na nadhani sababu haihitaji kutafutwa mbali, mteja wake ni mmoja na hakimbii. Kibaha nako kuna Nyumbu, wale wa jeshi waliotengeneza lori lao wenyewe likaitwa Nyumbu. Baba yangu alikuwa dereva wakati wa vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, alikuwa anasema magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari na mizigo mpaka Kagera na mengine yaliachwa njiani kwa kukosa spea ndogo kabisa. Nikifikiria nchi iliyopitia hivyo, naelewa kwanini jeshi lilitaka lijue kutengeneza lori.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wa aina hii upo kila mkoa na hauhesabiwi. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na imesaidia watu, sipingi, mashine nyingi ndogo za alizeti hapa Singida zimepita mikononi mwao. Lakini ukienda na mzee kama huyu benki kuomba mkopo wa mashine mpya ya milingi, wanaomba hati ya nyumba, hawaulizi ana gia ngapi zinazunguka nchi hii. Chuma anatumia chakavu cha bahati nasibu, leo pini ya ekskaveta kesho ekseli ya Scania, kila kipande tabia yake, na hilo ndo lilichangia jino langu kumeguka. Na chuma tunacho, Liganga kule Ludewa tunaambiwa zipo tani milioni 126 za mawe ya chuma, mkataba na kampuni ya Kichina umesainiwa 2011 kupitia NDC, shirika la maendeleo la taifa, na mpaka leo fundi wa Kihonda anasubiri ekskaveta ya mtu ichakae. Umeme nao, kipindi cha mgao mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzo wa 2024 walikuwa wanachonga usiku wa manane ukirudi, ukikatika katikati ya jino wanaomba Mungu kisu kisiwe kimeacha alama. Tangu mitambo ya bwawa la umeme la Rufiji ianze kuwaka anasema wamepumua, hilo nalo liandikwe.

Hela za wawekezaji duniani sasa hivi zinakimbilia kwenye teknolojia za ulinzi. Kampuni ya Anduril ya Marekani ilitangaza Januari 2025 itajenga kiwanda Ohio cha futi za mraba milioni 5 cha droni na silaha. Hata Afrika, Nigeria pale Abuja kuna vijana wa Terra Industries wanatengeneza droni na minara ya ulinzi, na wawekezaji wa nje wameweka hela. Siwaonei wivu. Ila droni nayo ina shafti na beringi, nayo ikidondoka itataka mtu anayejua 95 gawa kwa 19. Mfuko wa uwekezaji ukiniuliza uweke hela wapi hapa kwetu, ningesema anzeni na mashine tano za milingi zilizotumika, chuma cha daraja linalojulikana, na kipimajoto cha tanuru, mpeleke kwenye mabanda ambayo tayari yana wateja.

Sisi wenyewe tulichofanya ni kidogo lakini kimetusaidia. Tumekuwa wakamuaji watano, wawili wa hapa mjini, mmoja Ikungi, mmoja Iramba na mmoja Manyoni, kila mmoja anatoa laki moja mwezi wa pili. Mzee ananunua chuma kwa pamoja, sio chakavu, nondo ya duara yenye cheti cha daraja lake kutoka duka la Dar, anachonga pinioni za akiba na skrubu, vijana hawaendi bodaboda. Msimu wa 2025 nilianza nikiwa na pinioni ya akiba kwenye boksi la mbao imepakwa grisi, sijaitumia. Mwenzetu wa Manyoni yake ilikatika Julai, akafungua boksi, masaa matatu mashine imerudi. Laki tano za watu watano zimefanya hivyo, na wamekuja wengine wawili wanataka kuingia.

Kingine tulichowaomba ni michoro. Mzee kila gia aliyowahi kuchonga ameiandika kwenye kaunta buku, ana kaunta buku kumi na moja tangu 1994, vipimo, idadi ya meno, chuma kilichotumika, na pembeni ameweka alama ya vema kama ilidumu au mkasi kama ilivunjika. Yangu ya kwanza ina mkasi, nimeiona. Bati moja la banda linavuja juu ya rafu yenye vitabu hivyo. Yule binti ameanza kuvipiga picha ukurasa kwa ukurasa jioni baada ya kazi, alipofika mwezi uliopita ni kitabu cha nne.

Kwahiyo maoni yangu kwa anayetaka kwenda: ubora wa kazi nyota nne, ile moja nimeitoa kwa jino lililomeguka. Uaminifu nyota tano. Bei tano. Mawasiliano tatu, simu ya mzee mara nyingi iko kwenye koti lililotundikwa mlangoni. Ukifika stendi ya Msamvu chukua bodaboda mwambie Kihonda, waulize mafundi wa vyuma alipo fundi mzee wa gia, yeyote atakuonesha. Beba kipuri kilichovunjika na vipande vyake vyote hata vidogo, usikisafishe kwa grainda maana utafuta alama anazopimia. Beba na gia inayoshikana nacho kama unaweza kuifungua, mimi sikubeba na ingesaidia. Mwambie kabisa mashine yako ina mota ya ukubwa gani na inafanya kazi masaa mangapi kwa siku. Na usimharakishe kwenye kile kipande cha mchanga wa moto, mpe siku yake yote.

Usiende mwezi wa sita. Nenda wa pili, mvua inanyesha, banda lina nafasi, na atakutengea kiti karibu na milingi.